Nafasi ya Mtu Mmoja

Malaba, Jumapili mchana

Mumbua mwanangu,

Chai tumekunywa pamoja leo asubuhi, kwa hiyo mambo ya kuulizana hali tuyaache. Wewe sasa uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya. Mimi niko godauni. Leo hakuna lori linaloshusha, mlinzi amenifungulia mlango mdogo, na nimekaa juu ya magunia ya mahindi, karatasi iko juu ya goti. Nitaandika polepole. Shule niliiacha darasa la tano, na mkono wangu umezoea gunia kuliko kalamu. Ukiona mstari umepanda mlima usicheke sana.

Mambo ya sanduku, ya soksi nyeupe, ya kutonunua vyakula dirishani, mama mwenye nyumba amekuambia mara tatu na mimi nimesikia mara zote tatu. Sirudii. Kuna jambo moja tu ambalo siwezi kukuambia kwa mdomo. Chumba chetu unakijua: pazia la gunia katikati, mabati pembeni, na nyuma ya mabati jirani anayejua tunakula nini kabla hatujanawa mikono. Lakini hata tungekuwa na nyumba ya mawe, nisingeweza kulisema nikikutazama.

Jumapili iliyopita nilikusikia ukiomba.

Nilikuwa nimekwenda kuchota maji, baiskeli ikapata pancha pale karibu na reli, nikarudi. Wewe ulidhani uko peke yako. Nilisimama mlangoni, jerikeni mkononi. Ulisema, "Bwana, mlete mzee Erasto. Umlete kwenye wodi yangu. Asinijue. Aniombe maji, na mimi nisimsikie." Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Halafu ukasema amina, ukaanza kupiga pasi.

Unajua nilihisi nini? Sitakudanganya. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu kweli ni wangu. Niliweka jerikeni chini taratibu usisikie, nikazunguka nyumba mara moja, nikarudi nikikohoa.

Ni baadaye, nikiziba ile pancha, ndipo nilipoelewa mambo mengine. Barua zilikuja mbili, moja ya chuo cha uuguzi kule karibu na kwa wajomba zako, na nyingine ya hospitali ya misheni, Marachi. Ulichagua Marachi. Nilidhani ni kwa sababu unataka kuwa karibu na baba yako, na nikajivuna mpaka Omuse, ninayebeba naye magunia, akachoka kunisikia. Kumbe ni Omuse huyo huyo aliyetuambia, siku ile tunakula omena, kwamba mzee Erasto miguu imevimba, ana ugonjwa wa sukari, na kila mwezi wanambeba kwa baiskeli kumpeleka hospitali hiyo. Niliona umeacha kula. Nikadhani ni mfupa.

Kesho unapanda gari. Kwa hiyo leo nakuambia nilichokuficha, kwa sababu maombi hayo ni yangu. Wewe umeyarithi tu, kama ulivyorithi hili paji langu la uso.

Kosa la kwanza ni langu. Nilifika Malaba nikiwa utingo wa lori kutoka Mombasa. Lori likafa hapa, tajiri akaliacha, mimi nikabaki kubeba magunia. Miaka miwili sikukanyaga nyumbani Mwingi. Ng'ambo, upande wa Uganda, kulikuwa na mwanamke aliyeuza chai. Jina lake silitaji, hakuwakosea kitu wewe na mama yako. Nilimwambia sina mke. Nilikaa naye msimu mmoja wa mvua. Halafu nikaokoka, nikamwacha, nikaingia ushirika wa Alhamisi.

Ushirika ule ulikuwa wa watu wa kazi: wabebaji, mlinzi, akina mama wawili wa uji. Kiongozi alikuwa mzee Erasto, ambaye pia alikuwa nyapara wa godauni. Desturi ilikuwa moja, usifiche. Ukiwa na dhambi unasimama unaitaja, na mahali ilipofanyika, ndugu wanakuimbia wimbo, unakumbatiwa, mnaendelea. Anayenyamaza ndiye mgonjwa. Erasto alikuwa anapenda kusema, macho yakitembea juu yetu, "Kuna ndugu hapa amekalia kitu. Kitu hicho kisimame. Kisituzuilie baraka." Na mimi nilikuwa nimekalia kitu. Alhamisi tatu nilikikalia. Ya nne nikasimama, nikasema yote.

Wakaimba. Nikalia, na kilio kile hakikuwa cha uongo, usije ukadhani ninasema kilikuwa cha uongo. Nililala siku hiyo kama mtoto mchanga.

Erasto hakunyamaza. Kulikuwa na dereva aliyeokoka, mtu wa kwetu, anayepita Mwingi akienda likizo. Erasto akampa habari yangu kama haja ya maombi. "Ndugu wa huko wamshike mke wake kwa maombi," ndivyo alivyomwambia. Dereva akawapa ndugu, ndugu wakawapa wake zao, na kila aliyepokea aliongeza kidogo ili maombi yapate nguvu. Habari ilipofika kwenu, nilikuwa nimeoa Uganda na nina mapacha.

Yaliyotokea kule wewe ndiye uliyenisimulia. Ulikuwa darasa la pili, umeshika pembe ya leso ya mama yako katika mkutano wa akina mama. Mmoja akaomba kwa sauti, macho yamefumbwa, "Bwana, mkumbuke dada yetu Mama Mumbua, ambaye mume wake ameshikwa na mwanamke wa mpakani." Na wote, "Eeh, Bwana." Ulisema mama alifumbua macho, akawatazama wote walivyoinama, akakushika mkono mkatoka. Hakuna aliyewaona mkitoka, kwa sababu walikuwa wanamwombea.

Alirudi kwa ndugu zake. Niliandika barua nne, hakujibu hata moja. Mvua iliyofuata homa ikamchukua. Mimi nilifika siku ya tatu baada ya mazishi. Wajomba zako walinipa mtoto mmoja na mfuko mmoja, na hawakunipa kiti.

Nilipokuleta hapa Malaba, Erasto alikuja chumbani. Alikaa pale unapoweka vitabu vyako.

"Pole sana, ndugu," alisema. "Lakini unajua nilisema ili muombewe."

"Najua, mzee," nilijibu.

Hiyo ndiyo "najua" ninayoijutia kuliko dhambi zangu zote. Ningesema hapana siku hiyo, labda yote yangekwisha siku hiyo, kwa kelele, au hata kwa ngumi. Nilisema najua, nikampa chai. Akamaliza kikombe, akaomba kingine.

Na halafu zile hema za mikutano ya injili ya mwezi wa nane kule Busia. Utakuwa unakumbuka, kwa sababu ulikuwa umekaa na mimi, una andazi mkononi. Erasto yuko mbele na kipaza sauti. "Mnamwona ndugu yule wa nyuma, wa shati la kijani? Simama ndugu, wakuone." Nikasimama. "Huyu alificha, na Bwana akamvua nguo! Leo mke yuko wapi? Muulizeni!" Watu wakasema haleluya. Wageni kutoka Tororo walinyoosha shingo. Mwaka uliofuata tena, na uliofuata tena, shati tofauti. Kifo cha mama yako kilikuwa ushuhuda wake mzuri kuliko wote. Nilisimama kila mwaka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anachagua asubuhi nani abebe na nani arudi nyumbani, na wewe ulikuwa unahitaji sare ya shule. Sisemi hivi ili unishukuru. Nasema ili ujue mtu anaweza kusimama mbele ya watu elfu huku ndani amelala chini.

Niliacha Alhamisi. Nilisema mgongo unauma, na mgongo ulikuwa unauma kweli. Nikatafuta pa kuombea peke yangu. Lile neno la kuingia chumbani na kufunga mlango unalijua, lakini hapa Malaba nani ana chumba chenye mlango? Nilipata mahali kazini.

Umewahi kuniletea chakula hapa, umeona magunia yalivyopangwa, lakini sidhani uliwahi kuzunguka nyuma. Magunia huwekwa juu ya mbao, yakishikana kama matofali, na rundo halifiki ukutani kamwe. Unaacha nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Mvua ikinyesha ukuta wa godauni hutoka jasho, na gunia lililougusa huoza. Pia mkaguzi lazima aweze kuzunguka. Nyuma ya rundo la mwisho, saa saba mchana wenzangu wakienda kula, nafasi ile ilikuwa yangu. Mbele magunia mpaka juu, nyuma ukuta, na mwanga kidogo kutoka kwenye tundu la hewa. Hakuna anayekusikia. Magunia yanakula sauti.

Mwanzoni palikuwa pazuri, Mumbua. Miezi ya kwanza siku nyingine sikuomba lolote. Nilipiga magoti nikanusa kahawa ya Uganda, nikatoka. Kwa mara ya kwanza tangu niokoke hakuna aliyekuwa ananingoja niseme kitu. Nilikuwa sijui kwamba Mungu anaweza kukaa na mtu bila kumuuliza. Kama ningekufa mwaka huo ningekufa vizuri.

Siku moja, baada ya zile hema, niliingia na jina la Erasto mdomoni. Niliomba avunjike mguu. Nilishtuka, nikaomba msamaha. Kesho yake nikaomba tena na sikushtuka. Baadaye nilianza kuchagua. Niliomba asimamishwe mbele ya watu kama nilivyosimamishwa. Niliomba mkewe amwone mdogo. Niliomba aondoke mpakani amebeba godoro lake mwenyewe. Nilikuwa naomba kwa mpangilio, kama mtu anayemweleza fundi vazi analotaka. Ushirikani kungekuwa na mtu wa kunishika shati aseme, wewe, unaomba nini? Kule ukutani hapakuwa na mtu. Ndicho nilichokipenda, na ndicho kilichonimaliza. Miaka mitano nilidhani niko na Mungu peke yetu, na kumbe kila siku saa saba nilikuwa naingia na Erasto.

Mwaka ulipokuwa darasa la nane, vita vilikuwa Rwanda na malori ya chakula cha msaada yalijaa hapa mpaka kule stesheni. Siku moja nilichelewa kidogo, nikaingia nyuma ya rundo langu, nikamkuta.

Alikuwa amepiga magoti mahali pangu hasa, uso kwenye ukuta. Erasto wa kipaza sauti! Hakuwa anatoa hata neno moja. Mabega yalikuwa yanatikisika, mikono ameikumbatia kifuani kama mtu mwenye baridi. Vumbi lilikuwa na alama za magoti yake, za zamani na za leo, kumbe tumekuwa tukipishana. Hakuniona. Nilirudi kinyumenyume.

Mtu mwema angeuliza moyoni, mzee huyu analilia nini? Mimi nililiuliza miaka mitatu baadaye. Siku ile nilisema, alichukua mke, akachukua jina, sasa amekuja mpaka huku.

Siku mbili baadaye tuliletewa maharagwe, malori sita. Upande ule mimi ndiye niliyekuwa napanga, na Omuse yuko juu anapokea.

"Jaza mpaka ukutani," nilimwambia.

Omuse alinitazama kama amesikia vibaya. Yeye ni Mteso, na Mteso akishangaa hafichi. "Mkamba, umelewa asubuhi? Ukuta utatoka jasho."

"Mvua iko wapi? Jaza."

"Mzee Erasto atazunguka aone."

"Mzee Erasto hazunguki siku ya malori sita."

"Haya boss," alisema. "Mimi ni mikono tu. Kichwa ni chako."

Tukajaza. Gunia la mwisho nililisukuma mimi mwenyewe kwa bega, nikasikia limegusa simiti. Furaha ya sauti ile, mwanangu, siwezi kuiandika. Sikuwa nawaza maharagwe. Nilikuwa nawaza saa saba.

Na saa saba alikuja. Nilijifanya nashona gunia lililopasuka. Alitembea mpaka mwisho wa rundo, akasimama mahali nafasi ilipokuwa, akaweka kiganja juu ya gunia kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta kufuli si lake. Halafu akageuka akaniona.

"Mmejaza," alisema.

"Tumejaza, mzee."

Alijua. Sijui alijua kiasi gani, lakini alijua kwamba nimemwona. Angeweza kuamuru tuondoe safu moja. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, na tungefanya kwa saa mbili. Hakuamuru. Alisema, "Basi," akaenda zake na mikono nyuma. Wiki tatu kila mchana nilimwona akizunguka uani, kando ya reli, nyuma ya vyoo, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila mahali kuna mtu. Malaba haina mahali pa mtu mmoja. Nilikuwa nakula chakula changu nikimtazama, na chakula kilikuwa kitamu. Nilimfungia mtu mlango wa Mungu, nikala ugali.

Mvua ya mwezi wa nane ikaja mapema. Ukuta ukatoka jasho. Kwanza ilikuwa harufu tu, kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Halafu joto. Ukiweka mkono kati ya magunia unahisi yanapumua. Tulipofungua, maharagwe ya safu ya ukutani na ya safu mbili za mbele yake yalikuwa yameota, meupe, yanateleza, na maji meusi yanatiririka mpaka mlangoni. Chakula cha watu waliokimbia vita, watoto kama wewe. Nilibeba magunia yale mgongoni kuyapeleka shimoni, na maji yake yakaingia kwenye shati, yakaingia kwenye ngozi. Ulikuwa ukiniuliza siku hizo, "Baba, mbona unanuka?" Nilikuambia ni kazi.

Wenye chakula kile cha msaada wakaja na gari jeupe. Tukapangwa mstari uani, wabebaji wote, na akina mama wa uji wanatazama, na madereva wamepanda juu ya malori yao waone vizuri. Ilikuwa kama hema la Busia, hata hewa ilikuwa ile ile.

"Nani alipanga hili rundo?" mkubwa wao akauliza.

Omuse alikuwa kando yangu. Nilisikia akivuta pumzi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Erasto akatoka mbele hatua moja. "Mimi ndiye nyapara," alisema.

"Sikuuliza nyapara. Nimeuliza nani alipanga."

"Mimi ndiye nyapara," akarudia, na hakunitazama hata kwa upande wa jicho. Mtu aliyeshindwa kunyamaza habari zangu wiki moja alininyamazia mbele ya watu mia. Wakamfukuza palepale, wakamwita mzee mpumbavu, dereva mmoja akapiga mluzi.

Siku hiyohiyo alasiri aliondoka kwenda kwao Marachi, godoro limefungwa nyuma ya baiskeli ya boda-boda. Karibu yote niliyoomba yalitimia, moja baada ya jingine, mpaka godoro. Nilikuwa langoni. Alisimamisha baiskeli. "Bwana asifiwe, ndugu," alisema. Sikumjibu. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote za nyuma, kwa sababu alikuwa ameninyima hata kisasi changu. Nilitaka aanguke akiwa mbaya.

Na bado namchukia. Nakuambia wazi ili usiisome barua hii ukingojea mahali ambapo baba anasamehe. Kuna siku nikibeba nakumbuka "Simama ndugu, wakuone," na gunia la kilo tisini linakuwa jepesi. Miaka mitano sasa. Chuki hii bado ina nguvu ya kunibebea.

Lakini hii ndiyo sehemu niliyotaka uijue. Baada ya maharagwe, nilirudi nyuma ya rundo. Nafasi tuliirudisha, siku hizi naiacha mpaka wenzangu wananicheka; Omuse husema, "Mkamba, hapo unaacha njia au unajenga barabara?" Niliingia saa saba kama zamani, nikapiga magoti. Sikuwa na la kusema. Nilichoomba nilishapewa. Nikakaa kimya nikidhani itakuwa kama ile miezi ya kwanza, ule ukimya wa kahawa. Badala yake ikaja harufu ya maharagwe. Maharagwe hayakuwepo, tulishayafukia. Harufu ikaja. Kila nilipofumba macho peke yangu, iwe huku, iwe chumbani ukiwa shule, iwe njiani, ilikuja. Mbele za watu siisikii. Kanisani naimba na watu vizuri tu, umeniona. Ni pale ninapobaki peke yangu na Mungu ndipo inanifukuza. Nilimfungia Erasto mahali pale, na sikujua kwamba nilikuwa najifungia nje na mimi pia.

Kwa hiyo uliponiuliza zamani kwa nini siombi chumbani, nikakujibu nimechoka, ilikuwa hii.

Wewe una kipawa ambacho mimi nilikipoteza. Unajua kukaa peke yako. Tangu utoto ulikuwa ukiingia nyuma ya lile pazia la gunia unatoka na uso tofauti. Nilikuwa nasikia kimya chako na ninapumzika nacho kama mtu anayeota moto wa jirani. Jumapili iliyopita nilisikia jina la mtu limeingia humo. Nilifurahi, nimekuambia. Usiku wa Jumatatu furaha ikaisha, kwa sababu nilikumbuka jinsi linavyoanza: siku ya kwanza ni mguu uvunjike. Na wewe hukuanzia kwenye mguu. Umeanzia kwenye maji. Umenipita mimi baba yako kwa mbali, na mimi nilikuwa nimeyaomba miaka mitano.

Na kibaya zaidi, utajibiwa. Usidhani nakutisha kwa kusema hutasikilizwa. Mzee anakwenda hospitali hiyo kila mwezi. Ataletwa kwenye wodi yako. Labda muhula wa kwanza, labda wa tatu, watamteremsha kwenye baiskeli, miguu imefungwa vitambaa, na hatakujua, kwa sababu wewe alikuona ukiwa na andazi. Atakuomba maji. Itakuwa kama ulivyoagiza, mpaka kikombe. Na utakuwa umesimama hapo, na hakuna mtu mwingine anayeona, kama ilivyokuwa kwangu na lile gunia la mwisho.

Siwezi kukuambia umpende. Ningekuwa mnafiki, na wewe ungejua kwa mwandiko. Siwezi hata kukuambia umsamehe kifo cha mama yako; hilo ni lako na la mama yako, mimi mwenyewe sijui kama mmenisamehe.

Nakuomba mambo mawili tu ya kazi, kama mbebaji anavyomwomba mwenzake.

Maji, mpe. Usimpe kwa ajili yake. Mpe kwa sababu usipompa, utakayekuwa unasikia kiu kila ukifumba macho ni wewe.

La pili. Najua wodi zilivyo, vitanda vimebanana, wageni, watoto, wachungaji wanaomwombea kila mtu kwa sauti awe anataka au hataki. Mtafutie kitanda cha mwisho, cha pembeni. Halafu kivute kidogo kutoka ukutani, hatua moja hivi, nafasi ya mtu mmoja kuingia kwa ubavu. Kama miguu itamruhusu kupiga magoti, apige. Kama haitamruhusu, ageuzie uso ukutani. Na wewe mwache hapo, usimsikilize, hata kama atalia. Mchunge asisumbuliwe. Nilimchukulia kitu hicho, na wewe ndiwe pekee niliye naye wa kukirudisha.

Salamu sitoi. Usimwambie namsalimu, kwa sababu simsalimu. Lakini akiuliza kwa nini umesogeza kitanda, mwambie kuna mbebaji mmoja wa Malaba aliyekufundisha kwamba lazima hewa ipite nyuma.

Barua hii nitaiweka chini ya sare zako, utaikuta huko ukifungua sanduku. Sasa naisikia kwaya yenu imenyamaza, utakuwa unakuja. Mlinzi anataka kufunga. Kabla sijatoka nitapita nyuma ya rundo mara moja, nione kama leo panaweza kunikubali.

Ni mimi baba yako.